Watu wa Dodoma: nani kaandika wosia? Na hii habari ya trasti ya familia ikoje?

Karani Mstaafu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimeshika mafaili ya mirathi miaka mingi kwenye mahakama za hapa katikati ya nchi, na tangu nistaafu majirani hawaniachi. Mtu anakuja na bahasha ya kaki, anaimwaga mezani: ofa ya kiwanja, risiti za kodi ya ardhi, kadi ya pikipiki, karatasi ya daftari yenye mwandiko wa marehemu. Zamani swali lilikuwa "Mzee, nani awe msimamizi?" Siku hizi vijana wananiuliza, "Mzee, si bora nifungue trasti, niachane kabisa na mahakama?" Wameona video za Marekani. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, nimeona nilete hapa tubishane kwa pamoja.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mnaobisha mpate pa kushika. Kwa familia nyingi za huku, wosia ulioandikwa sawasawa, juu ya mali ambayo karatasi zake zimenyooka, unatosha. Udhamini, hiyo trasti mnayoisema, yaani mali kushikwa na wadhamini kwa faida ya wengine, una kazi zake chache, tena kazi nzuri, lakini si dawa ya kila familia, na hauwezi kuponya hati iliyooza.

Tuanze na jambo ambalo watu wengi hawalijui mpaka wafiwe. Tanzania Bara hakuna sheria moja ya urithi. Zipo tatu: ya mila, ya Kiislamu, na ile ya kiserikali ambayo chimbuko lake ni Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865. Ndiyo, 1865, hamkusoma vibaya, bado inatumika. Ipi itakuhusu wewe? Tangu kesi ya Mbilinyi ya mwaka 1969, mahakama huangalia marehemu aliishije: alioa vipi, alisali wapi, alikuwa karibu na mila za kwao au alishaziacha. Kwa hiyo Mgogo aliyezaliwa Mvumi, akafunga ndoa kanisani, akajenga Area D na kwao anakwenda Krismasi tu, ndugu wanaweza kuvutana juu ya sheria kabla hata hawajafika kwenye mali.

Na sheria ikibadilika, mgawo unabadilika vibaya sana. Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, lililoandika mila za urithi za makabila yanayofuata ukoo wa baba, linawapanga warithi kwa madaraja. Daraja la kwanza ni mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba ya kwanza. La pili ni wana wengine wa kiume. Mabinti ni daraja la tatu. Mjane mwenye watoto hana fungu lake, fungu lake ni kutunzwa na watoto. Wajane wawili wa Shinyanga walilipeleka jambo hili Mahakama Kuu; mwaka 2006 majaji wakakubali kwamba mila hizo zinabagua lakini wakakataa kuzifuta. Wajane wale wakaenda mpaka Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema Tanzania imekiuka haki zao. Mwenye binti anisome vizuri hapo: usipoandika, kuna mtu ameshakuandikia tangu 1963.

Sasa wosia wenyewe. Kwa mila, wa maandishi uwe kwa wino au uchapwe. Penseli haifai, nimeshika mwenyewe wosia wa penseli na hakuna nilichoweza kuwasaidia wale watoto. Uwe na tarehe, saini, na mashahidi wanaojua kusoma na kuandika, wote wawepo kwa wakati mmoja. Kama mwenye wosia anajua kusoma, mashahidi wasipungue wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Wa mdomo unahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili baki. Mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie. Ukikosea hapo, mahakama inaendelea kana kwamba hukuacha wosia.

Mengine tutaendelea humu humu. Naomba kuwasilisha.

---

Nyemo wa Ilazo

Siti ya mbele, nimekuja na zabibu zangu kabisa. Mzee tiririka.

---

Mtoto wa Mvumi

Shikamoo mzee. Huko kwetu ukisema wosia mbele ya baba, unafukuzwa. Unaambiwa unamchuria. Kaka yangu alijaribu kumuuliza mzee ng'ombe wake wengine wako wapi, mzee akanuna mpaka mavuno.

---

Karani Mstaafu

Marahaba mwanangu. Kaka yako aliingilia mlango mbaya. Mzee wa Kigogo humuulizi ng'ombe wake kama afisa wa sensa. Mwambie, "Baba, wale uliowakabidhi kwa rafiki yako kule ng'ambo ya mto, mimi nikienda kuwasalimia watanijuaje?" Hapo utamsikia anataja mwenyewe: yule mwenye jike jekundu, yule aliyepewa wawili mwaka wa njaa, alama za masikio, nani alikuwa shahidi. Wewe andika.

Na hili nalisema kwa uchungu, maana mali inayopotea kirahisi kuliko zote huku kwetu ni mifugo iliyowekeshwa kwa watu. Haina hati wala namba ya kiwanja, ushahidi wake uko kwenye kichwa cha mzee. Akifa, aliyekabidhiwa anasema walishakufa kwa ukame, utabisha nini? Orodha ya kurasa mbili, iliyosomwa mbele ya mzee na mashahidi wake, ingeokoa zizi zima.

---

Mama Zabibu

Mimi niseme yaliyonipata, labda yatamsaidia mwingine. Mume wangu alifariki bila wosia. Kikao cha ukoo kikakaa siku ya kuanua matanga, mimi bado nimefunga khanga kichwani, wakamteua shemeji yangu kuwa msimamizi. Nikasaini muhtasari, nani angekuwa na akili ya kusoma siku ile? Baada ya muda wapangaji wakaniambia kodi ya vile vyumba vya Chang'ombe wanamlipa yeye. Nikiuliza, naambiwa "msimamizi ndiye mwenye mamlaka." Shamba la zabibu nimeling'ang'ania kwa sababu nalilima mwenyewe. Je, niko nje ya sheria nikidai?

---

Karani Mstaafu

Pole sana mama. Hauko nje ya sheria hata kidogo.

Msimamizi wa mirathi si mrithi kwa sababu tu ya usimamizi wake. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa, kisha kufunga faili. Kama aliteuliwa Mahakama ya Mwanzo, alitakiwa ndani ya miezi minne awasilishe Fomu namba 5, yaani orodha ya mali na madeni, na halafu hesabu kwenye Fomu namba 6. Nenda pale pale alikoteuliwa, na namba ya shauri, ukaombe kuona faili. Kama fomu hizo hazimo, andika barua ya malalamiko kwa hakimu. Mahakama iliyomteua ina uwezo wa kumwita ajieleze na hata kutengua uteuzi wake.

La pili, vile vyumba mlivyojenga mkiwa kwenye ndoa si vya marehemu peke yake. Fungu lako wewe kama mwenza haliingii kwenye mirathi, linatengwa kwanza. Watu wanachanganya sana hapa: wanagawa nyumba nzima wakati marehemu alikuwa na sehemu tu. Na kama nyumba ina hati, wahi kwa Msajili wa Hati uweke zuio, ili isije ikauzwa wakati unahangaika na barua.

Kama fedha za wakili ni shida, waulize watoa msaada wa kisheria. Tangu kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia izinduliwe hapa Dodoma mwaka 2023, mirathi na ardhi ndiyo malalamiko wanayoyapokea kila siku.

---

Wakili Makole

Mzee karani nakupa heko, umeeleza vizuri kuliko wengi wa fani yangu. Niongeze mambo mawili, halafu nitakupinga kwenye la tatu.

Kwanza, kwenye sheria ya kiserikali ile ya 1865, mashahidi wawili wanatosha na si lazima wawe wa ukoo, lakini usimweke mrithi kuwa shahidi. Ukimwachia kiwanja mtu ambaye ameshuhudia wosia, au mke au mume wa shahidi, zawadi yake inakufa hata kama wosia unabaki hai. Nimeona mtoto wa kike amekosa nyumba kwa sababu mumewe ndiye aliyeombwa "saini hapo chini tu." Pia, kwa sheria hiyo hiyo, ukioa au kuolewa baada ya kuandika wosia, ule wa mwanzo umefutika. Wajane na wagane mnaofunga ndoa ya pili, andikeni upya.

Pili, angalia mahakama unayokwenda. Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Mkristo aliyeishi maisha ya kimjini, mirathi yake ikifunguliwa Mahakama ya Mwanzo kwa sababu iko karibu na ada ni ndogo, inaweza kuja kufutwa baadaye kwa kukosa mamlaka, baada ya mali kugawanywa na nyingine kuuzwa. Hapo mnunuzi, msimamizi na warithi wote wanarudi mwanzo.

Sasa pingamizi langu. Unasema udhamini una kazi chache. Mkuu, Dodoma hii si ile ya zamani. Mtu ana nyumba ya wapangaji Area C, apatimenti Iyumbu, viwanja Nala na Mkonze, watoto watatu, mmoja ana ulemavu wa akili. Ukigawa kwa wosia wa kawaida, miaka miwili baadaye nyumba ya wapangaji imeuzwa ili kila mmoja achukue chake. Ikiwa chini ya wadhamini, inabaki nzima na kodi inawatunza wote. Kenya walibadilisha sheria yao mwaka 2021 na kuitaja trasti ya familia waziwazi. Sisi tunasubiri nini?

---

Karani Mstaafu

Wakili, mtoto mwenye ulemavu umenipata, sibishi. Ndiyo moja ya zile kazi chache nilizosema, pamoja na watoto wadogo, na mali ambayo inaleta kipato ikiwa nzima tu.

Lakini waeleze na upande wa pili. Ili udhamini ufanye kazi, mali itoke kwenye jina lako iingie kwa wadhamini. Kuna uthamini, kuna ada, kuna ushuru wa stempu, kuna mzunguko wa ardhi. Wadhamini wakitaka kusajiliwa kama chombo kinachojitegemea wanakwenda RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, na wateja wengi wa dirisha lile ni makanisa, misikiti na taasisi. Halafu wadhamini ni nani? Ni hao hao wajomba na shemeji tunaowalalamikia kila siku hapa. Ukimkabidhi mtu mbovu mali kwa miaka ishirini badala ya miezi minne, umemsaidia mtoto au umemsaidia huyo mtu?

---

Mgogo Ughaibuni

Salaam kutoka Texas. Mimi ndiye mmoja wa hao mnaowasema wa video. Huku kila mtu mwenye nyumba anashauriwa aweke trasti anayoweza kuibadilisha akiwa hai, ili akifa familia isipite mahakamani. Nikawaza nifanye hivyo kwa nyumba ya wazazi Kikuyu na shamba la Hombolo. Mnanivunja moyo.

---

Wakili Makole

Hatukuvunji moyo ndugu, tunakurudisha nyumbani. Ushauri unaopewa huko umejengwa juu ya matatizo ya huko. Majimbo mengine ya Marekani, shauri la mirathi linakula muda na ada kubwa za mawakili, ndiyo maana watu wanalikwepa. Halafu kuna kodi. Serikali kuu ya Marekani inatoza kodi ya mirathi kwa matajiri tu: kwa aliyefariki mwaka 2025, mali isiyozidi dola milioni 13.99 haiguswi. Uingereza ni kali zaidi, asilimia 40 ya kinachozidi pauni 325,000, ukiacha misamaha. Sasa Tanzania hatuna kodi ya urithi. Nusu ya sababu ya trasti yako imeshaondoka kabla hujapanda ndege.

Hata huko kwenyewe, trasti ambayo hujahamishia mali ni karatasi tupu. Watu wanalipia hati nzuri ya udhamini, nyumba wanaiacha kwenye jina lao, wakifa familia inakwenda mahakamani vile vile.

Na swali la kukuuliza kwa upole: umeshachukua uraia wa huko? Sheria ya Ardhi ya 1999 ilipotungwa, ilisema asiye raia hamiliki ardhi hapa isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Wazazi kabla ya kukuandikia kiwanja wapite kwa wakili, wanaweza kukuandikia fungu la fedha au la kodi badala ya ardhi yenyewe.

---

Mgogo Ughaibuni

Bado sijachukua, nina kadi ya ukazi tu. Lakini mdogo wangu kachukua. Ahsante sana, hilo sikuwa nimelifikiria.

---

Kijana wa Kolo

Assalaam alaykum. Sisi Warangi wengi ni Waislamu, na naona mjadala unatupita pembeni. Kwetu mafungu yameshapangwa: mke ana thumni, yaani moja ya nane, kama kuna watoto na robo kama hakuna, mume robo au nusu, mtoto wa kiume mara mbili ya wa kike. Wosia hauzidi theluthi ya mali, na haumwendei mrithi mpaka warithi wengine waridhie. Sasa kuna haja gani ya kuandika?

---

Karani Mstaafu

Waalaykum salaam. Haja ipo, tena kubwa. Mafungu unayajua, lakini fungu la nini? Mahakamani ugomvi wa Waislamu niliouona haukuwa juu ya thumni, ulikuwa juu ya kiwanja: ni cha marehemu au cha mama? Lile duka ni la baba au ni mtaji wa kaka? Madeni ya marehemu kwa nani? Andika hayo. Ile theluthi nayo ndiyo nafasi yako ya kumkumbuka yule ambaye hana fungu: mjukuu ambaye baba yake alitangulia, mtoto uliyemlea, msikiti. Usiiache ikapotea.

Na kama unataka kitu kinachofanana na trasti, Uislamu unacho tangu zamani: wakfu. Nyumba inazuiliwa isiuzwe, manufaa yake yanakwenda kwa uliowataja. Kaa na shehe anayejua na mwanasheria pamoja, asikae mmoja peke yake.

---

Mtumishi Mtumba

Mimi nauliza kwa niaba ya rafiki (mnacheka nini?). Rafiki huyu alihamia Dodoma serikali ilipohamia, mama watoto wa ndoa ya kanisani akabaki Dar kwa sababu ya kazi na shule za watoto. Huku Nzuguni amejenga, na ana mtoto mmoja na dada fulani. Akifa leo inakuwaje?

---

Nyemo wa Ilazo

Rafiki 😂😂😂 Mkuu, hao marafiki wamejaa Mtumba yote.

---

Wakili Makole

Nitajibu bila kucheka. Ndoa ya kanisani ni ya mke mmoja, kwa hiyo yule dada wa Nzuguni hawezi kujiegemeza kwenye dhana ya ndoa kwa kukaa pamoja miaka miwili wakati ndoa halali ipo hai. Akitaka kitu itabidi athibitishe mchango wake katika ujenzi: risiti za nondo na saruji, miamala ya simu, ushahidi wa fundi. Mke wa ndoa ana sauti juu ya mali ya ndoa.

Mtoto ni habari nyingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto matumizi ya mali ya mzazi wake. Rafiki yako aandike wosia na amtaje huyo mtoto kwa jina, na amweke kwenye cheti cha kuzaliwa. Ukimya wake ndio utakaowakutanisha familia mbili kwa mara ya kwanza kwenye msiba, na nadhani ameshahudhuria msiba wa namna hiyo.

Na mafao ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, hayafuati wosia kama anavyodhani. Pensheni ya wategemezi inalipwa kwa watu na kwa utaratibu uliowekwa na sheria ya mfuko. Taarifa za wategemezi alizojaza alipoajiriwa azihuishe, makao makuu yao yako hapa hapa mjini.

---

Mtumishi Mtumba

Nitamfikishia.

---

Mama Zabibu

Ahsanteni. Nimeliona faili, Fomu namba 5 haimo. Hakimu amempangia shemeji tarehe ya kufika. Nimeambiwa na karani niandike orodha yangu ya mali ninazozijua, nikaijaza usiku kucha, hadi mashine ya kupulizia dawa mizabibu nimeiandika.

Swali langu: nyumba yangu mimi, niliyonunua kwa jina langu, nataka iwasomeshe wajukuu wawili wa marehemu binti yangu. Trasti au wosia?

---

Karani Mstaafu

Hongera kwa hatua hiyo mama. Mashine umefanya vizuri kuiandika.

Kwa hilo lako, na hapa ndipo mimi na wakili tunakutana njiani, weka udhamini ndani ya wosia. Huhamishi kitu leo, nyumba inabaki yako mpaka siku yako. Ukifa ndipo wadhamini uliowataja wanaishika. Maneno yanaweza kuwa mepesi tu, mfano:

"Nyumba yangu iliyoko kiwanja namba fulani, kitalu fulani, Nkuhungu, ishikwe na wadhamini wangu wawili, fulani na fulani, kwa faida ya wajukuu wangu fulani na fulani. Kodi ilipie kwanza kodi ya ardhi na matengenezo, kisha ada, matibabu na chakula chao. Nyumba isiuzwe wala kuwekwa rehani kabla ya mdogo wao kutimiza miaka 25. Wadhamini watoe hesabu kwa maandishi kila mwaka kwa mlezi wa watoto. Mdhamini akifa au akishindwa, nafasi yake ichukuliwe na fulani."

Hayo ya mwisho ndiyo watu wanayasahau: hesabu kila mwaka, na mbadala wa mdhamini. Na mlezi wa watoto asiwe yule yule anayeshika fedha, acha wachungane. Ukiwaacha watoto wengine pembeni, andika na sababu. Mnakumbuka wosia wa marehemu Reginald Mengi, yule mfanyabiashara, ulivyotenguliwa na Mahakama Kuu mwaka 2021. Moja ya hoja ilikuwa watoto kuachwa bila kupewa sababu, nyingine afya ya mwenye wosia wakati ule. Kama una umri au maradhi, pata barua ya daktari ya tarehe ile ile ya kusaini, iambatanishwe.

---

Wakili Makole

Naunga mkono maneno hayo, nitakachoongeza ni mdhamini wa tatu asiye ndugu, wawili wakigongana hakuna wa kuamua. Na nakala zitunzwe mahali pawili. RITA wanaandaa wosia na kuutunza. Mawakili pia tunatunza, na benki. Pa kutoweka ni chini ya godoro, maana anayetandika kitanda siku ya msiba hujui ni nani.

---

Nyemo wa Ilazo

Jamani na sisi tuliorithishwa viwanja vya CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu? Baba ana karatasi ya mwaka 1991.

---

Karani Mstaafu

Hilo lifanye wiki hii baba akiwa hai, usisubiri. CDA ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikaenda kwa Manispaa, ambayo mwaka 2018 ikawa Jiji. Karatasi za zamani zilikuwa za miaka 33, na baadaye zikafunguliwa njia ya kupata hati ya miaka 99. Piga hesabu ya karatasi ya 1991. Baba akasaini mwenyewe maombi, kodi ya ardhi ikalipwa, jina kwenye hati likafanana herufi kwa herufi na kitambulisho cha taifa cha NIDA. Kama mama yuko hai na waliijenga pamoja, waandikishwe wote wawili kwa umiliki wa pamoja; mmoja akitangulia, nyumba inabaki kwa mwenzake bila kikao cha ukoo. Hiyo ndiyo trasti ya bei rahisi kuliko zote, na hakuna anayeitengenezea video.

---

Mtoto wa Mvumi

Mzee, nimejaribu ile ya jike jekundu. Baba ametaja ng'ombe mpaka wa Manchali, tumejaza kurasa tatu. Sasa anasema yuko tayari kuandika wosia, lakini yeye hajui kusoma. Tunafanyaje?

---

Karani Mstaafu

Safi sana. Kwa kuwa hasomi, mashahidi wanakuwa wanne, wote wanaojua kusoma na kuandika: wawili wa ukoo, wawili watu baki. Mwalimu wa shule na mchungaji wa hapo kijijini wanafaa kwa wale baki. Mtu yeyote anayetajwa kupata kitu asiwe miongoni mwao, isipokuwa mama yenu, naye awepo na ashuhudie juu ya hao wanne.

Anayeandika asiwe wewe wala kaka yako. Asome kwa sauti sentensi moja moja, kwa Kigogo, na baba aitikie au arekebishe. Mwishoni iandikwe kwamba wosia umesomwa kwake kwa lugha anayoielewa, akaukubali, na kwamba ana akili timamu. Ataweka dole gumba la mkono wa kulia mbele ya wote, tarehe iandikwe, mashahidi wasaini pale pale bila mmoja kutoka nje kupokea simu. Zile kurasa tatu za ng'ombe ziambatanishwe, na dole lake liwekwe kwenye kila ukurasa, si wa mwisho peke yake.

Na nunueni kidau kipya cha wino.